"Ya Pili Iko?": Namna Tulivyochagua Mtambo wa Treni Ndogo Kacyiru

Mwezi uliopita nilirudisha funguo za karakana, nikatia saini palipotakiwa saini, nikapigiwa makofi na watu ambao nusu yao hawakuwahi kujua nilikuwa nafanya kazi gani. Sasa nimeombwa niandike kidogo kuhusu miaka yangu, kwa ajili yenu mnaobaki kwenye meza ya treni. Wametaka iwe ya kutia moyo. Mimi si mtu wa kutia moyo, na waliofanya kazi nami wanalijua hilo. Vyeo sitaviandika kwa sababu vilikuwa vichache na vilichelewa, na mshahara wangu hauna hadithi ya kumfurahisha mtu. Nitaandika kazi yenyewe, na kosa moja.

Asiyetufahamu aelewe kwanza. Chuo chetu kiko Kacyiru, Kigali, katikati ya wizara na balozi, na kinafundisha watu kuendesha reli katika nchi isiyo na reli. Kila mgeni akisikia hivyo hutabasamu, na mimi kwa miaka mingi nilitabasamu naye maana sikuwa na la kufanya. Reli inakuja, tunaambiwa. Nilipoanza kazi hapa ilikuwa inakuja, na juzi nilipoondoka bado inakuja. Wakati inakuja, wanafunzi wetu wanajifunza kwenye meza ndefu yenye treni za mfano, injini zake ukubwa wa kiganja, halafu wanapelekwa kufanya kazi Tanzania kwenye treni za kweli. Kwa hiyo meza ile si mchezo wa watoto, ingawa wakubwa wengi wakiingia pale hugeuka watoto papo hapo.

Mimi nilizaliwa Tabora. Wazazi wangu walikimbilia huko na wakakaa wakingoja kurudi, na katika kungoja wakanizaa mimi na wenzangu watano. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa karakana ya ishara za reli, chini ya fundi aliyeitwa Mrisho, mtu mfupi, mkavu, aliyekuwa akivaa kofia ya sufu hata jua likiwaka. Nilifika siku ya kwanza nimepiga pasi shati, nikidhani nitapewa bisibisi. Nilipewa kitambaa na chupa ya spiriti. Wiki mbili nzima nilisugua shaba za swichi, moja baada ya nyingine, na jioni Mrisho alikuwa anapita na kidole chake anakagua kama mama mkwe. Cheti changu cha ufundi alikitazama mara moja tu, akauliza kama karatasi yake ni nzito ya kutosha kufungia kashata.

Kutoka kwake nilipata vitu viwili. Cha kwanza ni taa ya majaribio: balbu ndogo iliyochomelewa nyaya mbili, unagusisha hapa na hapa, ikiwaka umeme upo, isipowaka haupo. Niliibeba hadi Kigali na nimewahi kuitumia mbele ya wataalamu waliokuja na mashine za kupimia zenye mabegi yake. Cha pili ni adabu ya simu. Kati ya stesheni na stesheni tuliongea kwa simu ya kuzungusha mkono, na Mrisho hakuruhusu mtu ajibu kwa neno moja. Lazima utaje treni, utaje njia, utaje hali: treni namba fulani, njia namba fulani, imesimama. Na wa upande wa pili ayarudie maneno hayo hayo ndipo ashike wenzo wa kugeuza reli. Siku moja niliulizwa swali nikajibu "tayari". Mrisho alininyang'anya simu akanipa ufagio, nikafagia yadi siku nne. Nilimchukia siku zote nne.

Tukarudi nyumbani. Nasema kurudi, ingawa mimi sikuwahi kufika. Nilitengeneza redio mjini, nikafunga betri za umeme wa jua kwenye shule, nikaishia chuoni. Siku yangu ya kwanza pale nilikuta meza yenyewe, zawadi ya wafadhili, ikiendeshwa kwa ule mtindo wa zamani: unazungusha kitufe, umeme unaingia kwenye reli, na injini yoyote iliyoko juu ya reli hiyo inaondoka. Ukitaka kuendesha mbili tofauti, unaikata njia vipande vipande na kila kipande unakifungia swichi yake. Tulikuwa na swichi arobaini zilizoandikwa kwa kalamu ya wino na fundi aliyetangulia, na fundi huyo alikuwa na mwandiko wa daktari. Hata hivyo ilifanya kazi, na mtu aliyejifunza kwenye swichi zile alijua kwa nini treni inakwenda.

Zaina aliletwa wakati huo. Ni binti wa fundi cherehani wa mtaa wa Rwezamenyo, alisoma umeme akamaliza vizuri, akaingia kwetu kwa mkataba wa mwaka mmoja mmoja. Sijaona mikono kama ile. Alikuwa anachomelea waya mwembamba kama uzi bila kushika pumzi, huku anaongea. Nami nilikuwa namkera kwa hayo maongezi yake, kwa sababu Kiswahili chake ni kile cha Rwezamenyo ambamo kila kitu ni iko. Mimi iko hapa, umeme iko kidogo, mwalimu iko mgonjwa. Mimi mtoto wa Tabora nilijiona mlinzi wa lugha. Nilimsahihisha asubuhi, mchana na kabla ya kwenda nyumbani, na sikuwahi kujiuliza nani aliniajiri kwa kazi hiyo.

"Zaina, mtu hasemi mimi iko. Anasema mimi nipo."

"Yego, ndiyo, Mzee. Wewe upo. Na mimi iko na kazi, niache nimalize."

Alichotaka alikisema wazi. Hakutaka kubaki mshika waya. Alitaka kuwa mkufunzi, asimame mbele ya darasa na jina lake liwe kwenye ratiba. Mkurugenzi wetu alimwahidi mbele yangu: tukishapata mtambo mpya wa kidijitali, akauendesha vizuri siku ya kuuonyesha kwa wageni, atathibitishwa. Zaina akaanza kuandaa masomo siku hiyo hiyo, katika daftari lenye jalada la maua. Kila kitu chake tangu hapo kilitegemea meza ile.

Basi ikaundwa kamati ya kuchagua mtambo. Watu saba, wawili tu kati yao waliowahi kushika injini, yaani mimi na Zaina, naye Zaina hakuwa na kura. Wengine walikuwa wa manunuzi, wa mipango, wa mawasiliano, na mmoja ambaye hadi leo sijui alitoka idara gani lakini alikuwa hakosi chai. Mnisamehe niwaeleze kitu ambacho kamati ile haikutaka kuelezwa. Katika mtambo wa kidijitali umeme unakuwepo kwenye reli wakati wote, na amri zinasafiri ndani ya umeme huo huo. Kila injini ina kichipu tumboni, tunakiita dikoda, na kila dikoda ina namba yake. Kisanduku kikuu kinasema: namba nane, mbele, polepole. Injini zote zinasikia, namba nane peke yake inatii. Ndiyo yote. Nililieleza hilo kwa dakika tano, na wa mipango akauliza kama linahitaji intaneti.

Walikuja wauzaji watatu. Wa kwanza alileta mtambo mzuri mzito, lakini ulikubali kuongea na injini za kampuni ile ile tu, kwa hiyo ungetulazimu kutupa zetu zote. Alipoulizwa kuhusu hilo alisema ni fursa. Wa pili alileta kisanduku cheupe kidogo kama sabuni ya kuogea, unakiendesha kwa simu au tableti. Kwenye kioo kulikuwa na picha ya reli, vijiti vya kijani, milima inang'aa, na honi ukiigusa inalia kwenye spika. Wa tatu alileta kisanduku cha kijivu, kibaya kwa sura, vitufe vyake vigumu, mwongozo wake kurasa mia na ushee. Lakini cha kijivu kilikuwa kinasoma njia. Kipande cha reli chenye injini juu yake hunywa umeme kidogo, na kisanduku kile kiliuhisi unywaji huo, kikajua njia ipi ina treni na ipi ni tupu. Ukijaribu kuingiza treni kwenye njia yenye treni, kinakataa. Kile cheupe hakikujua lolote. Kilituma amri na kuomba Mungu.

Zaina alikigusa cha kijivu siku moja tu akakipenda. Alinivuta pembeni, nyuma ya meza, pale tulipojenga mlima wa plasta. Chini ya mlima kuna stesheni iliyofichwa, njia mbili ambazo mtu aliyesimama mbele hazioni kabisa. Treni hungojea humo zamu yake.

"Mzee, angalia. Mimi iko mbele, naendesha. Treni ikiingia hapa chini mimi iko kipofu. Hii ya kijivu inaona. Hii nyeupe iko nzuri kwa macho ya wageni tu."

"Mtu atakaa nyuma aangalie," nikasema.

"Mtu anachoka. Mtu anasahau. Sema ile ya kijivu, Mzee. Wewe watakusikiliza."

Alikuwa sahihi kwa kila neno, na nilijua. Nilikwenda kwenye kikao nikiwa na nia ya kusema hivyo hivyo. Sasa sikilizeni jinsi mtu mzima anavyonunuliwa bila kulipwa. Mkurugenzi, ambaye alikulia Kampala na anaongea Kiswahili kama mtu anayevuka mtaro, alishakipenda kile cheupe. Wageni watapenda kuona treni inaendeshwa kwa simu. Mimi nikafungua mdomo kuhusu kusoma njia. Akaniweka mkono begani.

"Mzee Kalisa, wewe ni mtu wa Tabora. Uliendesha treni kubwa, za kweli, kwa simu ya mkono. Leo mashine ikuonyeshe treni iko wapi? Wewe mwenyewe ndiyo mashine."

Watu wakacheka kwa heshima. Na mimi nikafurahi. Nikajiona nimeinuka kitini kidogo. Nikawahutubia robo saa juu ya Tabora, juu ya masikio na mdomo, juu ya vijana wa siku hizi wanaotaka kisanduku kiwafikirie. Sikumtaja Mrisho, maana kumtaja kungenilazimu kutaja na ufagio. Halafu nikasaini kinunuliwe kile cheupe. Zaina alikuwa amekaa ukutani akiandika kumbukumbu za kikao, na nilipotazama upande wake alikuwa ameacha kuandika.

Ufungaji ulikuwa vichekesho. Dikoda zote zikitoka kiwandani huwa na namba ile ile, namba tatu, na unatakiwa uipe kila injini namba yake kabla ya kuiweka kwenye meza. Mkurugenzi hakungoja. Tulipomaliza kufunga injini tano, akaingia na watu wa mawasiliano wapige picha, akashika tableti, akachagua namba tatu, akasukuma kidole juu. Injini zote tano zikaondoka pamoja, mbili mbele na tatu nyuma, kila moja na njia yake. Mpiga picha aliipenda sana. Nadhani picha hiyo bado ipo kwenye kalenda ya chuo, na maelezo chini yake yanasema uratibu.

Baada ya hapo tukapata kesi ngumu ya kitanzi. Reli ikizunguka na kurudi kujiunga na yenyewe, upande wa kulia unakutana na wa kushoto, umeme unagongana na mtambo wote unazimika. Kisanduku cheupe kikawa kinaandika neno moja kwenye kioo, hitilafu, bila kusema wapi. Tulimpigia muuzaji, akatushauri tuzime tuwashe. Zaina alichukua taa yangu ya majaribio, akapita nayo kipande kwa kipande asubuhi nzima akiwa amepiga magoti, akaikuta sehemu, akaikata, akafunga kifaa cha kugeuza umeme pale mlango wa kitanzi. Haijasumbua tena. Kwenye taarifa ya robo mwaka iliandikwa kwamba changamoto ilitatuliwa na kamati.

Siku ya wageni ikafika. Ukumbi ulijaa, viti vya mbele vimefunikwa vitambaa vyeupe. Zaina alisimama mbele ya meza na tableti, amevaa ushungi wa buluu alioshonewa na baba yake kwa ajili ya siku hiyo. Mimi nilikaa kwenye kigoda nyuma ya mlima, ninaona zile njia mbili zilizofichwa. Tuliongea kwa redio ndogo za mkononi. Mpango ulikuwa hivi: treni ya kwanza, ya abiria, inazunguka mbele ya wageni. Treni ya pili, ya mizigo, inangoja chini ya mlima kwenye njia ya pili, kisha inatoka, na ile ya abiria inaingia pale ilipotoka ya mizigo. Tulifanya mazoezi mara kumi bila kosa.

Mbele ya wageni tableti ikakwama. Si kwa muda mrefu, kama mtu anayefikiria jina. Iliporudi, Zaina hakuwa na hakika kama amri ya kuitoa treni ya mizigo ilifika au haikufika. Kioo hakikumwambia, kwa sababu hakikujua. Treni ya abiria ilikuwa inakuja, wageni wanatazama. Akabonyeza redio.

"Mzee, ya pili iko?"

Nikatazama. Treni ya pili ilikuwa imesimama palepale, haijasogea hata kidogo.

"Iko," nikajibu.

Hapo ndipo ilipo habari yote. Yeye aliuliza njia ya pili, kama iko, yaani ipo kwa ajili yake, ni tupu, aingie. Mimi nilijibu treni ya pili, kwamba iko, haijatoka. Njia ni ya pili na treni ni ya pili, njia iko na treni iko, na Kiswahili chetu kinaziita zote kwa sauti ile ile. Hakuna mwalimu wa Tabora wala wa Zanzibar ambaye angepata kosa la sarufi katika maneno yale manne. Zaina akageuza reli kuelekea njia ya pili, akaileta treni ya abiria kwa mwendo mzuri. Nilipoona taa zake zinaingia nilibonyeza redio, lakini nilikuwa nimechelewa. Iligonga ya mizigo karibu na mlango wa mlima, mabehewa manne yakapanda juu ya plasta, na injini ya abiria ikarushwa nje ikaanguka sakafuni mbele ya viti vya vitambaa vyeupe. Mgeni mmoja alidhani ni sehemu ya onyesho akapiga makofi.

Kesho yake kikaitwa kikao. Mkurugenzi alikuwa amekasirika kwa utulivu, ambao ni mbaya zaidi. Akamuuliza Zaina alisema nini.

"Niliuliza, ya pili iko. Mzee akasema iko."

"Iko nini sasa?" akasema yule asiyejulikana idara, na watu wakaguna wakicheka.

Wote wakanigeukia mimi. Nilikuwa na sekunde za kutosha. Nilijua adabu ya simu kuliko mtu yeyote katika nchi hii, na nilijua kwamba anayeona ndiye anayepaswa kutaja. Aliye mbele haoni, hiyo ndiyo sababu anauliza. Ningesema: nilijibu kwa neno moja, kosa ni langu, na mtambo huu haufai, nao niliusaini mimi. Badala yake nikasema, "Niliulizwa kuhusu treni, nikajibu kuhusu treni." Halafu, kana kwamba haitoshi, nikaongeza, "Hiyo iko yake nimemsahihisha mara nyingi." Chumba kizima kikacheka. Zaina hakucheka wala hakulia. Alinitazama tu, na mimi nikatazama karatasi zangu.

Ripoti iliandikwa kwamba ajali ilitokana na uzembe wa mwendeshaji na udhaifu wake wa lugha. Juu ya kisanduku cheupe, hakuna mstari. Mkataba wa Zaina ulipoisha haukuongezwa. Siku anaondoka alikuja kurudisha taa yangu ya majaribio, akaiweka mezani, akasema kwa heri Mzee. Nilikuwa naogopa kuchekwa. Ndiyo hiyo tu. Wengine huficha makosa kwa sababu ya watoto wao au madeni yao. Mimi nilikuwa naogopa kwamba wale wale niliowahutubia robo saa juu ya Tabora watacheka.

Mnaijua ile karatasi iliyobandikwa ukutani nyuma ya mlima: taja treni, taja njia, taja hali, rudia ulichosikia. Mnaiita Kanuni ya Kalisa. Mkurugenzi aliisifu kwenye hotuba ya kuniaga. Si ya Kalisa. Ni ya Mrisho, na niliibandika wiki moja baada ya kumpotezea mtu kazi kwa kutoifuata. Kila mwanafunzi alipoisoma kwa sauti mbele yangu nilikuwa najidharau, na bado niliwaacha waisome.

Miezi michache kabla sijastaafu chuo kilitangaza nafasi ya mkufunzi. Zaina aliomba. Nilikuwa kwenye jopo la kuchambua maombi. Bahasha yake ilifunguliwa, jalada lake la zamani likaletwa, mtu akasoma ule mstari wa uzembe, na bahasha ikawekwa upande wa kushoto pamoja na waliokosa. Haikuchukua muda wa kumeza mate. Nami nilikuwepo, nikashika kalamu, nikanyamaza kwa mara ya pili. Mara ya kwanza mtu anaweza kusema alishtuka. Kwa hii ya pili sina hata uongo wa kujitetea.

Nilipokwisha kurudisha funguo nilishuka kutoka nyumbani kwangu Kagugu kwa basi, nikavuka mji hadi Rwezamenyo. Nilimkuta kwenye duka la baba yake, amefungua mota ya cherehani, skrubu zimepangwa kwenye kifuniko cha kopo. Akanipa kiti. Akaagiza chai. Nikamweleza yote, kuanzia mkono wa Mkurugenzi begani hadi bahasha. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira, hata kwa machozi. Alinisikiliza huku anasafisha shaba za mota kwa kitambaa.

"Mimi nilijua, Mzee. Tangu ile siku."

"Kwa nini hukusema?"

"Nilisema. Nilisema mbele yenu wote, niliuliza na ukanijibu. Nani alisikia? Walisikia Kiswahili yangu tu."

Nikamwomba radhi. Akatikisa kichwa, si kwa kukataa, kama mtu aliyepewa kitu kisicho chake.

"Wallahi nimekusamehe zamani, hiyo usibebe. Lakini umekuja kuniambia mimi ya nini? Mimi nilikuwepo. Kawaambie wasiokuwepo. Ile bahasha bado iko kule."

Alimaanisha nafasi, na ni kweli, haijajazwa. Walioitwa hawakufaa, mtatangaza tena. Kwa hiyo ninyi mnaosoma hapa ndio wasiokuwepo, na wengine kati yenu mtakaa kwenye jopo hilo. Ripoti imo kwenye kabati la chuma kwa katibu, jalada la kijani, ukurasa wa tatu. Palipoandikwa mwendeshaji, futeni muandike Kalisa. Palipoandikwa udhaifu wa lugha, andikeni kwamba aliyekuwa anaona alijibu kwa neno moja, na kwamba mtambo ulichaguliwa na mtu aliyejua kuwa haufai. Barua yangu ya kusema hivyo nimeshampelekea Mkurugenzi, na nakala ya kwanza ya maandishi haya nimempa Zaina, ili akiyapunguza Mkurugenzi mjue kilichopungua. Mwiteni kwenye usaili. Muulizeni kuhusu kitanzi, muulizeni kuhusu njia zilizofichwa, na akisema iko, mumuulize ni nini iko, kwa sauti ya mtu anayetaka kujua. Ilikuwa kazi ya nusu dakika, na mimi sikuifanya.